Mkeka Mmoja, Marika Matatu

Fungua daftari la mahudhurio la darasa la awali katika shule ya kijijini, upite na kidole kwenye safu ya tarehe za kuzaliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo inasema anayeingia awali ni mtoto wa miaka 5. Safu nayo ina yake ya kusema. Si ajabu kumkuta ambaye hata 4 hajatimiza, kamfuata dada yake wa darasa la tatu kwa kuwa mama yuko shambani na nyumbani hakuna wa kubaki naye. Mistari miwili chini yake yuko wa miaka 7, aliyechelewa kuandikishwa kwa sababu shule iko mbali na mto hufurika masika. Wote wameandikwa darasa moja, wanafundishwa somo moja, na taarifa inayopelekwa juu inawahesabu kama rika moja. Kwa hiyo mjadala wa madarasa ya umri mchanganyiko, unapoanzishwa kwetu, huanza na kosa: tunabishana kama tuchanganye au tusichanganye, ilhali tulishachanganya zamani. Lililobaki ni kujua kama mchanganyiko huo una mpango au umetokea tu. Mimi niko upande wa mpango. Nimeziita hapa sauti tatu, nilizozitunga kutokana na hoja zinazosikika kila suala hili linapotajwa: ya mwalimu wa awali, ya mzazi, na ya mdhibiti ubora wa shule. Nimeziacha ziseme kwa ukali wake, maana hoja ya mpinzani iliyokwisha kulainishwa haimsaidii mtu.

MWALIMU: Ndugu mwandishi, wewe huna darasa, ndiyo maana unasema. Mtoto wa miaka 3 saa nne asubuhi anasinzia, anajikojolea, analilia mama yake. Wa miaka 5 anataka kujua jina lake linaandikwaje. Nikimshika huyu, yule ameshatambaa chini ya meza. Rika halikuwekwa bure. Watoto wa umri mmoja wana uwezo mmoja, na mwalimu mmoja anaweza kushika uwezo mmoja.

MWANDISHI: Nianze na sentensi yako ya mwisho, mwalimu, maana ndiyo iliyozibeba nyingine zote. Chukua watoto wawili walioandikishwa mwaka mmoja bila kupindisha chochote: mmoja kazaliwa Januari, mwenzake Desemba. Shule inapofunguliwa, wa kwanza ana miezi 60 na wa pili ana miezi 49. Miezi 11 kwa mtu mzima si kitu. Kwa aliyeishi miezi 49 ni zaidi ya moja ya tano ya umri wake wote. Kelly Bedard na Elizabeth Dhuey, wanauchumi waliolinganisha matokeo ya wanafunzi wa nchi mbalimbali katika utafiti wa mwaka 2006, walikuta wadogo wa darasa bado wako nyuma ya wakubwa wa darasa hilohilo hata walipofika la nne: ukiwapanga wanafunzi 100 kwa alama, pengo lao lilikuwa nafasi 4 hadi 12. Wale wote kwenye daftari ni rika moja. Anayelipa gharama ya kudhaniwa hivyo ni yule wa Desemba, ambaye kila siku hupimwa kwa kipimo cha wa Januari na kuonekana mzito, wakati kosa lake ni kuchelewa kuzaliwa.

Tena mstari huo wa umri si wa kale kama tunavyouona. Horace Mann wa Massachusetts alirudi kutoka safari ya Ulaya mwaka 1843 akizisifu shule za Prussia kwa namna zilivyogawa watoto kwa madaraja; mwaka 1847 shule ya Quincy mjini Boston, chini ya John Philbrick, ikafunguliwa kwa mtindo huo, kila daraja na chumba chake, kila chumba na mwalimu wake. Ulikuwa utaratibu wa kusimamia watoto wengi wa mjini, nao uliifaa kazi hiyo, ndiyo maana ulienea hadi kutufikia sisi. Pwani yetu ilikuwa na utaratibu mwingine. Katika chuo cha Kurani watoto walikaa kwenye mkeka mmoja, huyu yuko kwenye alifu, yule anakaribia kuhitimu juzuu, kila mmoja mahali pake, na mwalimu akiwasikiliza mmoja mmoja huku aliyetangulia akimrekebisha aliyemfuata. Sitetei fimbo ya chuoni, wala kukariri maneno ambayo mtoto hayaelewi. Ninachosema ni kwamba mpangilio wenyewe, wa kila mtoto kusonga kwa hatua zake ndani ya chumba kimoja, haukuletwa na mzungu wala haukusubiri utafiti.

Sasa kuhusu yule aliyetambaa chini ya meza. Unamwona hapo, mwalimu, kwa sababu kwenye picha yako wewe umesimama mbele, una somo moja mkononi, na kila asiyefuata somo hilo ni mtoro aliye ndani ya chumba. Darasa la umri mchanganyiko likiendeshwa hivyo litakushinda, na litamshinda mwalimu yeyote. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, Januari 6, 1907, hakuwa na nadharia ya kuchanganya marika. Wenye majengo walikuwa na watoto wa wapangaji waliobaki wakirandaranda ngazini wakati wazazi wako kazini, wakichora kuta. Wakataka pawe na mtu wa kuwakusanya. Walikuwa kama 50, wa umri wa kuanzia kama miaka 2 hadi 6, kwa sababu ndivyo watoto wa jengo walivyo. Kutokana na sadfa hiyo alijenga mbinu: kila kifaa kiwe kimoja tu chumbani, kiwe mahali ambapo mtoto anakifikia, na kazi yenyewe imwonyeshe mtoto alipokosea bila mwalimu kusema. Anayemimina maharage kutoka jagi hili kwenda lile haambiwi kwamba yamemwagika. Yuko sakafuni anayaokota.

Jambo la pili ambalo mbinu hiyo ilizaa nadhani wewe, uliyewahi kufungua mwaka na watoto wote wageni, utalithamini kuliko mimi. Darasa la miaka mitatu kwa pamoja halianzi upya kila Januari. Theluthi moja ndiyo inayoingia. Theluthi mbili zinajua viatu vinawekwa wapi, mkeka unakunjwaje, mtu akitaka kwenda chooni anafanya nini. Sheria za darasa zinamfikia mgeni kwa macho kabla hazijamfikia kwa maneno. Zile wiki za mwanzo ambazo darasa la rika moja huzitumia kulia na kupangwa foleni, hapa zina wasaidizi 20 ambao hawako kwenye orodha ya mishahara.

MWALIMU: Wa Roma walikuwa 50. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Wangu wamepita 100, na chumba ni kimoja. Hao wasaidizi 20 unaowasifu nitawaweka wapi?

MWANDISHI: Hapo sina ubishi nawe. Darasa la watoto 110 halifundishwi, linachungwa, liwe la rika moja au la marika matatu. Pia sitaki hoja yangu iokotwe na mtu anayetafuta namna ya kuajiri walimu wachache. Naliogopa hilo kuliko yote utakayonipinga nayo, kwa sababu limewahi kutokea. Joseph Lancaster alifungua shule yake London mwaka 1798, na sifa yake kubwa ikawa kwamba mwalimu mmoja aliweza kusimamia mamia ya watoto kwa kuwatumia wanafunzi waliotangulia kuwafundisha walio nyuma. Ilipendwa kwa urahisi wa bei. Mtoto mkubwa akawa gurudumu la mashine: anasoma herufi ubaoni, wadogo wanaitikia, kengele inalia, kundi linasogea. Hapo umri ulichanganywa ili kuokoa fedha, na kilichopatikana ni kelele zenye mpangilio.

Lakini msongamano wako haufuti kila kitu. Kuna njia za kuchanganya ambazo haziongezi hata mtoto mmoja chumbani. Joseph Tobin na wenzake, katika kitabu walichotoa mwaka 1989 wakilinganisha shule za awali za Japani, China na Marekani, walieleza shule ya Komatsudani mjini Kyoto, ambako madarasa yamegawanywa kwa umri lakini kila siku kuna nyakati ambazo wakubwa huenda kwa wachanga kucheza nao, kuwasaidia kula na kuvaa. Rika lipo, na ukuta wa rika una mlango. Shirika la Child-to-Child, lililoanzishwa London na David Morley na Hugh Hawes kuelekea Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, lilianza na wazo hilohilo katika afya: aliye shuleni amfundishe mdogo wake kunawa mikono. Baadaye, kwa ushirikiano na UNICEF, likawa mpango wa kuandaa watoto kuanza shule, uliojaribiwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Kongo: wanafunzi wa shule ya msingi walipewa michezo ya herufi na namba wakaicheza na watoto ambao hawajaanza shule, chini ya usimamizi wa mwalimu. Ethiopia iliupokea ndani ya mfumo wake wa sera ya malezi ya awali wa mwaka 2010. Kwako wewe mwenye 100, hiyo maana yake ni saa moja, mara mbili kwa wiki, ambayo kundi la darasa la tatu linakuja na vizibo vya soda na kukaa na wadogo wanne wanne chini ya mwembe. Haikupunguzii watoto. Inakupa saa mbili za wiki ambazo kila mtoto amezungumza na mtu.

MZAZI: Na mimi niulize, baba. Nalipa ada ili mwanangu wa miaka 5 afundishwe. Nyumbani ameshambeba mdogo wake vya kutosha. Leo na shuleni mnataka awe yaya wa watoto wa watu?

MWANDISHI: Mama, swali lako lina mambo mawili, na nitayajibu mbalimbali. La kwanza ni anachopata mkubwa. Mwaka 1973 Marilyn Shatz na Rochel Gelman walichapisha utafiti uliowataka watoto wa miaka 4 waeleze kitu cha kuchezea hutumikaje, mara kwa mtu mzima, mara kwa mtoto wa miaka 2. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto wa umri huo hawezi kujiweka mahali pa mwenzake. Ikaonekana anaweza: akisema na mdogo alikata sentensi zikawa fupi, akayarahisisha maneno, akawa anamvuta aangalie. Hakuna aliyemfundisha. Ukitaka kuliona hilo hapa kwetu huhitaji maabara. Simama karibu na kibuyu chirizi baada ya chakula. Wa miaka 5 akimwelekeza mwenzake wa umri wake atamwambia kwa mkupuo, "Ukikanyaga hicho kijiti maji yanatoka, usikanyage sana yataisha." Akimwelekeza wa miaka 3 atasema, "Kanyaga. Hapo. Umeona maji?" Kisha atanyamaza kidogo, aangalie mguu wa mdogo uko wapi, na akiona haukufika atausogeza kwenye kijiti. Pale amefanya kazi ambayo mwanafunzi wa chuo cha ualimu hupewa alama kwa kuifanya: amepima mwanafunzi anajua nini, akakata somo likatosha kinywa chake.

Wapo pia wanaopata zaidi ya lugha. Wyndol Furman, Donald Rahe na Willard Hartup waliwachukua watoto 24 wa shule ya awali waliokuwa wamejitenga, wasiocheza na mtu, na mwaka 1979 wakaeleza yaliyotokea. Baadhi walipangiwa kucheza na mtoto mmoja wa umri wao. Wengine na mtoto mmoja aliye mdogo kwao kwa zaidi ya mwaka. Wengine waliachwa walivyo. Baada ya vipindi 10 tu vya mchezo, waliopewa mdogo ndio waliobadilika zaidi darasani kwao. Sababu si ngumu kuikisia: mbele ya wa umri wake mtoto mwoga huwa wa mwisho siku zote, mbele ya mdogo hupata nafasi ya kuanzisha mchezo na kufuatwa. Darasa la rika moja halina pa kumpa nafasi hiyo. Huko Oyugis, Kenya, mwanaanthropolojia Carol Ember alionyesha mwaka 1973 kwamba wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za nyumbani ambazo kwa desturi ni za wasichana walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao. Hao walikuwa wakubwa kuliko wa awali, kwa hiyo siusukumi ushahidi huo mbali. Unatosha tu kusema kwamba kazi anayopewa mtoto humfinyanga tabia, na kwamba si wasichana peke yao wapewe.

La pili ni hofu ya uyaya, na hiyo ni ya haki. Thomas Weisner, aliyefanya kazi miaka mingi miongoni mwa Waluhya, aliandika na Ronald Gallimore mwaka 1977 kwamba katika jamii nyingi duniani kaka na dada ndio walezi wa kila siku, na mama ni msimamizi wao. Kwa hiyo ulichokiona nyumbani ni cha dunia nzima. Tofauti ya shule iwe moja: nyumbani mtoto analea kwa sababu kazi lazima ifanyike, shuleni amsaidie mdogo kwa sababu na yeye ana cha kujifunza hapo, na muda wake ukiisha aachiwe arudi kwenye kazi yake. Mwalimu anayesema "Mshike huyo mpaka mama yake aje" amemwajiri mwanao bila mshahara, na una haki ya kumkasirikia.

MZAZI: Hayo ya wanasaikolojia ni watoto 24, watoto wangapi. Hakuna aliyehesabu madarasa mengi, akaona wakubwa wanafaidika au wanarudi nyuma?

MWANDISHI: Wapo, na matokeo yao hayanipendelei. Arya Ansari, Kelly Purtell na Elizabeth Gershoff mwaka 2016 walichambua takwimu za watoto zaidi ya 2,800 wa Head Start, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwaandaa watoto wa familia maskini kwa shule. Walikuta kwamba kadiri wa miaka 3 walivyokuwa wengi darasani ndivyo wa miaka 4 walivyoongeza kidogo katika kusoma na kuhesabu. Palipokuwa na karibu nusu wadogo, wakubwa walikosa maendeleo ya miezi 4 au 5. Na wadogo, ambao kila mtetezi wa mchanganyiko hutuahidi kwamba watavutwa juu na wakubwa, hawakupata nyongeza iliyoonekana. Ningeweza kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa nikasema ni utafiti mmoja tu, lakini mwaka 2008 Arlene Moller na wenzake, walioangalia madarasa 70 ya mjini huko huko Marekani, walikuta pia kwamba upana wa umri darasani ulikwenda na maendeleo madogo ya watoto. Anayetaka kutetea marika mchanganyiko leo bila kuyajibu haya anatwanga maji kinuni.

Jibu langu ni hili, na ni tafsiri yangu, si matokeo ya mtu. Tafiti hizo zilipima darasa ambamo marika yamekutana. Hazikuwa na njia ya kutenganisha darasa lililopangwa kwa ajili ya marika hayo na darasa ambalo nafasi zilijazwa kadiri watoto walivyojiandikisha. Mwalimu aliyepewa wa miaka 3 na wa miaka 4 bila mpango atafanya ambalo yeyote angefanya: atashusha somo hadi katikati. Wa miaka 4 atalikuta hapo somo alilolimaliza mwaka jana, na wa miaka 3 atalikuta juu ya kichwa chake. Ushahidi kwamba ufundi wa mwalimu ndio unaogeuza matokeo upo, ingawa ni mdogo: Ying Guo na wenzake, mwaka 2014, waliwafuata watoto 130 katika madarasa 16, wakaona upana wa umri uliwasaidia wadogo kuongeza msamiati, na kwamba faida hiyo ilionekana kwenye madarasa ambayo mwalimu aliweza kuongoza vizuri mwenendo wa watoto. Wakubwa hawakuongeza kitu hapo, nalo niliseme.

Upande mwingine wa mizani kuna Hartford, jimbo la Connecticut. Angeline Lillard na wenzake, mwaka 2017, walitumia bahati nasibu ya uandikishaji katika shule mbili za umma za Montessori: waliopata nafasi na waliokosa, watoto 141, wakafuatwa tangu miaka 3 hadi 6. Waliopata walisonga mbele zaidi kimasomo, na pengo kati ya watoto wa familia za kipato cha chini na wenzao lilipungua. Madarasa hayo yote yalikuwa ya umri wa miaka 3 hadi 6. Je, ni marika yaliyofanya hivyo? Hakuna anayeweza kuapa. Shule hizo zina walimu waliosomea mbinu hiyo, vifaa kamili, na kipindi cha asubuhi cha karibu saa tatu bila kukatizwa na kengele. Ninachoweza kusema ni kwamba marika matatu chumba kimoja hayakuwazuia watoto wale kusonga, wakubwa wakiwemo. Ukiweka Head Start upande huu na Hartford upande ule, kinachobaki katikati si umri. Ni kama mkubwa alikuwa na kazi ya ukubwa wake.

MDHIBITI UBORA: Mimi sina ugomvi na nadharia, ndugu. Nina fomu. Awali ni mwaka mmoja, umri miaka 5. Wa miaka 3 na 4 wako kwenye vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na hivyo si vyangu, ni vya ustawi wa jamii kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Ukiwaweka chumba kimoja, nani anakagua, kwa mtaala upi?

MWANDISHI: Fomu yako naiheshimu, lakini tuikumbuke historia yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliiweka awali kwa watoto wa miaka 5 na 6, miaka miwili. Sera ya 2014 ikasema miaka 3 hadi 5, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Toleo la 2023 limeifanya kuwa mwaka mmoja, mtoto aingie darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Kenya, ng'ambo ya mpaka, ina PP1 na PP2, miaka miwili. Katika miaka 30 mstari umehamishwa mara mbili na mtoto hajabadilika. Mstari unaohamishika hivyo ni wa bajeti na vyumba, na bajeti ni sababu halali. Tusiupe tu heshima ya kanuni ya maumbile.

Kwa sheria ilivyo leo sikuombi ukiuke kitu. Darasa la marika matatu kamili lina mahali pake kwenye vituo vya jamii na vya taasisi za dini, ambako watoto wa miaka 3, 4 na 5 wameshakuwa chini ya paa moja, na mara nyingi mlezi ni mmoja. Hapo kuwatenganisha ndiko kunakohitaji fedha. Katika shule ya umma kinachowezekana ni ile saa ya pamoja, awali na darasa la kwanza, au awali na la tatu, iandikwe kwenye ratiba uione. Kuhusu nani akague, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inamhesabu mtoto tangu sifuri hadi miaka 8 na inazitaka wizara zifanye kazi pamoja. Karatasi ya kukuweka wewe na afisa ustawi kwenye gari moja ipo. Mafuta ya gari hilo ni suala la halmashauri. Na ukifika, badala ya kuuliza umri, chagua watoto watatu, mmoja wa kila rika, ukae nusu saa ukiandika kila mmoja anashika nini mkononi. Wote watatu wakiwa na kitu kilekile, darasa hilo lina marika matatu na mpango wa rika moja, liandike hivyo.

MZAZI: Basi nikubali. Mwaka wa kwanza mwanangu ataonyeshwa na wakubwa, wa pili ataonyeshwa na ataonyesha. Mwaka wa tatu yeye ndiye mkubwa wa wote. Nani atamwonyesha yeye?

MWANDISHI: Hilo ndilo swali lililowaangusha wa Head Start, mama, na sina jibu la kupamba. Mwaka wa tatu anaonyeshwa na mwalimu, uso kwa uso, kila siku, na muda huo usipotengwa mfumo mzima unamla yeye. Awe na vitu ambavyo wadogo hawavigusi bado: herufi za kukatwa ambazo anazipanga kuwa jina lake na la mdogo wake, njiti zilizofungwa kumi kumi ili avuke namba anazozimaliza kwa vidole, vitabu vya hadithi vya kupeleka nyumbani na kurudisha. Muda wenyewe unapatikana bila kujenga chumba, kwa sababu wa miaka 3 hulala mchana na wa miaka 5 hawana tena haja hiyo. Ukienda kutembelea kituo, usiende asubuhi wanapoimba, maana wakati huo vituo vyote vinapendeza. Nenda wakati wa usingizi, wadogo wakiwa wamejilaza kwenye mikeka, uangalie wakubwa wanafanya nini. Ukikuta nao wamelazwa macho wazi ili mwalimu apumzike, mtafutie mwanao kituo kingine.